Paka wa Halmashauri

Kwaru. Kwaru-kwaru. Kisha kimya, kama mtu aliyejikuna mgongo akaridhika.

"Umesikia?" bibi aliuliza, mjukuu wake begani. "Kwenye ukuta wa kilima huko."

Muua panya wa halmashauri alikuwa amelala kifudifudi bustanini, shavu karibu na tope, akichungulia shimo. Hakuinua kichwa. Mtaa mzima ulimwita Paka, na alilipenda jina hilo kuliko alilopewa na wazazi wake.

"Hao si panya, bibi. Mvua ya mwaka huu kila nyumba inalalamika."

"Mimi niliwapigia simu halmashauri kuhusu ukuta wenu huu kabla hata ya panya. Nikawaambia unalia. Hakuja mtu. Mpaka mume wangu alipoliwa kidole ndipo wakakuleta wewe."

Mume wake alikuwa huyo huyo wa begani, mwenye meno mawili mdomoni na kitambaa cheupe kwenye kidole cha mguu. Panya alimuuma huku akimpuliza, mtoto hata hakulia. Kulipopambazuka mama yake akakuta shuka lina damu.

Getini ilisimama pikapu, godoro na meza juu yake, kamba zimekazwa. Mtoto wa bibi, dereva, alikuwa ameiazima kwa bosi wake kwa siku hiyo tu. Alishasema wazi: Paka akisema panya bado wapo, familia inalala kwa shangazi leo leo. Akisema wameisha, vitu vinashushwa. Kwa shangazi ni chumba kimoja, na shangazi mwenyewe ana mdomo.

"Vipi, wameisha?" dereva aliita. "Sema tujue moja."

Paka alisimama, akajipangusa magoti ya ovaroli. "Njoo ujionee."

Akamwonyesha mdomo wa shimo. Buibui alikuwa ameuziba kwa utando, na utando haukuwa na hata tundu.

"Hapa hapapiti kitu. Tazama na kinyesi, kikavu kama majani ya chai. Panya, ndugu yangu, ni mlafi tena mvivu. Hahami penye joto na chakula, hata umfukuze kwa fimbo. Ukiona kimya namna hii, ujue sumu imemlaza."

Jirani, fundi cherehani, alichomoza kichwa juu ya ua. "Imewalaza wapi? Mbona juzi nimewaona mchana kweupe wakivuka barabara, baba, mama na watoto? Kidogo tu wabebe na masufuria."

"Ndiyo sumu yenyewe, dada. Inawakausha koo, wanatoka kutafuta maji. Wanafia huko mbele."

"Basi wewe si Paka. Wewe ni chui!"

Wote wakacheka, hata bibi. Kifua kikamjaa Paka. Ofisini hakuna aliyecheka naye. Wenzake walisogeza viti akiingia, wakisema ananuka kazi yake, na mkubwa wake alikuwa hajawahi kumwita kwa jina lolote. Ila huku, kwenye bustani za watu, alikuwa mtu.

Mke wa dereva hakungoja zaidi. Alifungua kamba, akajitwisha godoro kichwani, akaenda nalo hadi mlango wa jikoni. Mlango ukagoma. Akaupiga bega, ukagoma tena.

"Tangu juzi umeanza kiburi," alilalamika.

"Mbao imelewa mvua," Paka alimwambia. "Jua likitoka utanyooka."

Kilichobaki ni kukusanya visanduku vyake vya sumu. Alikuwa amevipanga nyuma kabisa ya bustani, chini ya ule ukuta mrefu wa mawe ambao halmashauri iliujenga zamani kukizuia kilima. Siku ya kuvipanga alipita chini ya mpera akiwa wima. Leo tawi lilimvua kofia. Akaiokota, akaukaripia mti, akachuchumaa.

Akafungua kisanduku cha kwanza.

Chambo kilikuwa kizima. Pembe zake zilikuwa kali vile vile kama kilivyotoka kwenye pakiti. Akakigeuza huku na huku, akakipangusa vumbi, akatafuta alama ya jino. Hakuiona. Akafungua cha pili, kisha kilichofuata, mikono ikienda haraka sasa, mpaka cha mwisho kilichobanwa kwenye kona ya ukuta.

Sumu yote ilikuwepo. Hakuna panya aliyeionja. Walikuwa wamehama wenyewe.

Kwaru-kwaru. Safari hii aliisikia karibu na sikio, na changarawe chache zikaporomoka kutoka juu ya ukuta zikamwingia shingoni. Akainua macho. Juu hakukuwa na mnyama yeyote, ni mawe ya ukuta tu yakisuguana.

"Paka!" dereva aliita, meza mikononi. "Umeona nini huko? Tushushe au tusishushe?"

Fundi cherehani bado alikuwa pale kwenye ua, akingoja mzaha mwingine. Bibi naye alikuwa anakuja polepole, akimrusharusha mumewe. Paka alivisukumia vyambo vyote ndani ya mfuko, akafunga zipu.

"Shusheni."

"Niapie," bibi alisema. "Nikimlaza huyu chini leo, mimi nisinzie?"

Paka akavaa kofia yake, akamshika mtoto kile kidole chenye kitambaa.

"Nakuahidi, bibi. Panya hawatarudi tena kwenye nyumba hii."