Mstari wa Tisa

Chengo alimaliza kuandika ukutani mstari wa nane wa historia ya stesheni, akachovya brashi aanze wa tisa. Stesheni ilikuwa inageuzwa makumbusho, naye ndiye fundi pekee wa maandishi pale mjini. Karatasi aliyopewa ilisema: "Mabehewa sita yalipinduka kwa uzembe wa mgeuza njia, Garero Ngumbao."

Garero alikuwa baba yake. Hadi anakufa alisimulia kwamba siku ile stesheni masta alimwamuru avute chuma cha kugeuza njia ya treni. Aliuliza mara mbili, akaambiwa vuta. Stesheni masta yumo kwenye mstari wa tatu, na sifa zake zote.

"Bwana, hapa pana makosa," Chengo alimwambia karani aliyempa kazi.

"Fundi, umeitwa kuandika au kusahihisha?" Karani alicheka. "Kama huwezi, sema, nimlete mwingine. Kesho saa nane mgeni rasmi anafika."

Jioni mama yake alimletea chai, akaketi kwenye benchi la abiria. Hakujua kusoma, ila miaka yote aliwaambia majirani kwamba iko siku jina la mumewe litaandikwa stesheni.

"Umefika wapi, mwanangu?"

"Mstari wa nane, mama."

"Na baba yako?"

"Bado. Rangi imeisha. Nitamalizia kesho."

Mama alilitazama kopo la rangi, lililokuwa limejaa nusu. Chengo aliosha brashi kwa mafuta ya taa, taratibu, bila kuinua macho.

Mama aliinuka, akaweka kiganja kwenye ukuta mweupe, chini ya maandishi yaliyokuwa bado mabichi.

"Baba yako atakaa hapa?" aliuliza.