Wavu wa Bi Earline

Katikati ya mashindano ya uvuvi, chambo changu kiliteleza chini ya gati la Bi Earline, na samaki aina ya besi akakidaka hata kabla hakijazama.

"Toka hapo!" Bi Earline alinifokea kutoka gatini. Tangu nifike alikuwa ananimwagia maji kwa mpira wa bustani. "Ndoano zenu zimetoboa turubai la boti langu mpaka linavuja! Ziwa hili la baba yenu?"

"La watu wote, mama!" nilijibu, ufito wangu wa kuvulia umepinda hadi ncha inagusa maji.

Samaki akaruka. Mungu wangu! Tumbo kama tikiti! Katika mashindano yote ya Ziwa Guntersville msimu huu, hakuna aliyepima samaki kama yule. Akazunguka nguzo ya gati, mshipi ukakwama, akabaki anatapatapa miguuni pa Bi Earline, ndoano imemshika kwa ngozi nyembamba ya mdomo.

Bi Earline akautupa mpira. Akapiga magoti, akanyakua wavu uliotundikwa gatini.

"Yesu wangu, huyu si samaki, huyu ni ndama! Mlegezee, mwanangu! Atachomoka! Ngoja nikudakie!"

Nikapagawa. "Usimguse, mama! Mtu wa nje akimgusa tu, hahesabiwi!"

Wavu ukasimama juu ya maji. Bi Earline akanitazama, kisha akageuka kulitazama turubai lake, limejaa viraka kama shuka la mfungwa.

"Kumbe?" alisema, akatabasamu kwa mara ya kwanza asubuhi ile.

Akauzamisha wavu taratibu.