Mtamba wa Gredi

Kwamboka alimpapasa mtamba chini ya sikio, vidole vikakutana na uvimbe mgumu, mkubwa kama yai la kuku. Ndigana, homa inayoletwa na kupe, ilikuwa imeingia.

Ng'ombe wa kienyeji walivumilia kupe miaka yote. Huyu alikuwa wa gredi, chotara wa kizungu aliyezaliwa kwa mbegu aliyoileta bwana mifugo, na zilibaki wiki mbili tu azae, watoto wanywe maziwa washibe.

"Baba Persis, njoo ushike hapa."

Mumewe, mzee wa kanisa, alishika. Josho la kuogeshea ng'ombe dawa ya kupe lilifunguliwa Jumamosi pekee, naye kila Jumamosi alikataa kumpeleka mtamba.

"Si nilikuambia? Kupe hawana Sabato."

Mumewe alipiga magoti kwenye samadi, akaanza kuwabandua kupe sikioni, mmoja mmoja.

Mtamba hakutikisa hata sikio.