Pipa la Mwaka wa Zabibu Chache

Tekla alimshika baba yake mkono, wakashuka pamoja kwenye ghala la chini ya kiwanda, mapipa ya brandi yalikolazwa. Mzee Damasi alikuwa ametoka kuugua, na tangu homa imwachie, ulimi wake haukutambua ladha yoyote. Hata asali aliinywa kama maji.

Alisimama mbele ya pipa la mwaloni alilolijaza mwaka Tekla alipozaliwa, mwaka wa ukame na zabibu chache. Hakuwahi kulionja.

“Tulifungue leo,” alisema. “Nikingoja zaidi, utaonja peke yako.”

Tekla alilizibua, akachungulia ndani. “Imebaki nusu, baba! Nyingine imekwenda wapi?”

“Hewa imeinywa kupitia mbao, mwanangu. Ndiyo ada yake.”

Tekla akamimina kidogo kwenye bilauri. Ilikuwa na rangi ya mlango wa kale uliopakwa mafuta. Mzee aliinusa kwa muda mrefu, akanywa funda dogo, akafumba macho. Tekla aliogopa kuuliza.

“Zabibu,” mzee alinong’ona. “Na moshi. Na ganda la chungwa. Tekla, ninaonja!” Machozi yakamtoka. “Lakini hii si kazi yangu. Mimi niliitia humu ikichoma kama pilipili. Nani ameifunza upole huu?”

Tekla alipokea bilauri, akanywa. Alipogeuka, baba yake alikuwa ameinama, sikio lake kwenye mbao za pipa, akisikiliza kana kwamba pipa lingemjibu.