Kondoo na Mfupa wa Mlangoni

Zamani hizo nchi ilikuwa ya Fisi, nao wakatangaza kuwa kula majani ni ukafiri. Kila mnyama atafune mfupa mlangoni kwake asubuhi, wapelelezi wasikie. Asiyetafuna huchomwa moto.

Mama Kondoo alikataa, wakamchoma. Binti yake, mwoga wa kuzaliwa, akatafuna huku akisifu utamu, kisha akazunguka nyuma ya nyumba kutapika.

Miaka ikapita, Fisi wakafa wakaisha. Yule binti, sasa bibi kizee kibogoyo, akautupa mfupa, akakaa mlangoni akila majani yake.

Mjukuu akaja mbio. “Bibi! Unatuaibisha mbele ya watu!”

“Aibu gani? Sisi ni wa majani. Mfupa tulilazimishwa.”

“Mfupa ni mila tuliyoachiwa na bibi zetu!”

“Bibi mwenyewe si ndiye mimi, mpumbavu wewe! Nilitafuna kwa woga, nikatapika kila siku.”

Wajukuu wengine walikwisha kusogea. Wakatazamana.

“Kumbe hakuamini tangu mwanzo,” akasema mkubwa wao. “Mmesikia wenyewe, amekiri. Leteni kuni.”

Wakamfunga palepale alipochomewa mama yake. Na Fisi hakuwepo hata mmoja.