Umri wa Mishipa

Siku hizi umri wa mtu husomwa kwenye mishipa ya moyo wake, na kitambulisho hufuata kipimo. Tunu, mwalimu wa chekechea mjini Morogoro, alizaliwa miaka thelathini na tisa iliyopita. Aliugua baridi yabisi tangu alipojifungua, na alidhani ni ugonjwa wa vidole na magoti tu.

"Uvimbe huu hauishii kwenye viungo," daktari alimwambia. "Unachakaza hata mishipa inayolisha moyo. Sasa una miaka sitini na nne. Ukizifuata dawa, tutaupunguzia kasi."

Sitini na nne maana yake ni kustaafu. Tunu alirudi nyumbani moyo ukimwenda mbio, na kila pigo lilimtia hofu. Mama yake, Bi Zuhura, alikuwa jikoni akikuna nazi. Alikipokea kitambulisho kipya, akakisoma mara mbili. Kipimo chake mwenyewe kilikuwa hamsini na nane. Kwa sheria, mkubwa wa nyumba sasa alikuwa binti yake.

"Mama, tafadhali usiseme kitu."

Bi Zuhura alifuta mikono kwenye kanga, akasimama.

"Shikamoo, mwanangu," alisema.

Tunu alifungua mdomo, lakini marahaba haikutoka.