Uwanja Usio na Kishindo

Mwinyikai alikuwa hamsikii tena farasi wake, Radi. Miaka yote alimjua farasi anayeumwa mguu kwa kusikiliza kishindo cha kwato. Lakini farasi watatu walivunjika miguu msimu uliopita, na wenye uwanja wa mbio wakaufukua udongo mgumu, wakamwaga mchanga uliochanganywa na nta na nyuzi za plastiki. Juu yake, Radi alikimbia kama paka kwenye zulia.

"Yuko sawa, mzee," alisema Tabu, aliyempanda. "Kombe la leo ni letu."

"Unajuaje?"

"Mimi niko mgongoni kwake. Wewe umeegemea ua."

Mwinyikai akacheka, akaingia uwanjani. Aliufinya mchanga, ukabaki na alama za vidole vyake kama unga uliokandwa. Akastaajabu. Akapiga magoti, akafuata nyayo za Radi, akizipima kwa kidole. Tatu zilimeza pingili mbili za kidole. Wa nne, wa mguu wa mbele wa kushoto, haukumeza hata moja. Akapima hatua kumi nyingine. Zote vilevile.

"Shuka, Tabu."

"Mzee, usinifanyie hivyo. Leo?"

"Shuka, mwanangu. Mguu huo hataki kuukanyagia."

Tabu alishuka, akainama, akatia kidole chake mwenyewe. Akamvua Radi tandiko.

Walikosa kombe siku ile, na mbio tisa zilizobaki za msimu. Bandani, Radi alisimama kwa miguu yake minne, hakuna hata mmoja uliovunjika, ule wa mbele wa kushoto ukigusa sakafu kwa ncha tu.